Kijiji cha Amri, Shule ya Bure

Asiyemjua Julius Nyerere ningemwambia aanze na mwaka 1962. Januari, wiki 6 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia kiti Rashidi Kawawa, yeye akaenda kuzunguka mikoani kukijenga chama chake, TANU. Aprili akatoa kijitabu cha ujamaa, kikieleza maisha ya ukoo wa Kiafrika ambamo kila mtu hufanya kazi na kila mtu hutunzwa. Kabla mwaka haujaisha, Bunge likapitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na nyingine iliyowabana wafanyakazi waliotaka kugoma. Desemba akaapishwa kuwa Rais. Katika hotuba yake ya kwanza ya urais aliwaambia wananchi kwamba tukiendelea kuishi tumetawanyika, kila mmoja porini kwake, hatutapata trekta, wala shule, wala hospitali. Ni lazima tuhamie vijijini.

Mimi nilizaliwa miaka 5 baadaye, mwaka wa Azimio la Arusha, tamko la chama lililoufanya ujamaa kuwa siasa ya nchi, huko Ismani mkoani Iringa, katika nyumba ambayo leo haipo.

Nimefundisha somo la historia sekondari kwa muda mrefu. Kila ifikapo Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, nawasikia watu wakimgawa Nyerere mara mbili. Yupo Baba wa Taifa aliyetupa umoja na Kiswahili, asiyejilimbikizia mali. Halafu yupo yule wa foleni za sukari na unga wa njano ulioitwa yanga, aliyeua ushirika na kuwafunga waliompinga. Wanaompenda husema mabaya yalifanywa na watendaji wake, yeye hakujua. Wasiompenda husema mema yangekuja tu hata bila yeye. Wote nawapinga, kwa sababu kwetu mema yake na mabaya yake yalifika kwa lori moja.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mahindi, wa ekari chache. Lakini Ismani ya wakati ule haikuwa ya wakulima wadogo peke yao. Tangu miaka ya 1950 watu wenye uwezo walikuwa wamefyeka pori, wakaleta matrekta, wakaajiri vibarua, na eneo letu likawa ghala la mahindi. Kwa macho ya TANU hao walikuwa wanyonyaji. Serikali ilipotaka ardhi ile iwe ya vijiji vya ujamaa, wenye mashamba wakagoma kuiachia. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alimfuata shambani mkulima mmoja, Said Mwamwindi. Walibishana. Mwamwindi akachukua bunduki akampiga risasi akafa, kisha akaupakia mwili kwenye gari la Mkuu wa Mkoa mwenyewe, akaendesha hadi polisi Iringa kujisalimisha. Mahakama ilimhukumu kunyongwa, naye akanyongwa.

Chuo cha ualimu nilichosomea mjini Iringa kina jina la Kleruu. Habari za Mwamwindi nilizipata kwa wazee, na haikuwa rahisi kuwafanya waziseme. Kwa miaka mingi nimejitahidi kuwafundisha wanafunzi wangu majina yote mawili. Kleruu hakwenda pale siku ya sikukuu kujitafutia shamba. Aliamini kwamba anawatetea vibarua wasio na ardhi. Mwamwindi naye alikuwa ameimwagia ardhi ile jasho lake. Ukilifuta jina moja, unabaki na hadithi ya shujaa na mhalifu, na hapo mwanafunzi hana la kujifunza zaidi ya kupiga makofi.

Kwa miaka kadhaa baada ya Azimio sera ilikuwa kuwashawishi watu. Nyerere mwenyewe aliandika kwamba kijiji cha ujamaa hakiwezi kuundwa kwa nguvu, kwa kuwa ujamaa ni wa watu wanaoamua wenyewe kuishi na kufanya kazi pamoja. Watu walisikiliza, wachache wakaenda, wengi wakabaki walipo. Subira ikamwishia. Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwaka 1976. Hiyo ndiyo Operesheni Vijiji. Watafiti wanakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa katika miaka hiyo michache, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 15. Sijui kama hadi wakati ule Afrika huru ilikuwa imewahi kuona uhamisho mkubwa zaidi uliofanywa na serikali kwa raia wake wenyewe wakati wa amani.

Sisi ilitufikia mwaka 1974. Baba hakupigwa. Aliambiwa tarehe, na tarehe ilipofika lori likaja na vijana wa mgambo. Walipakia vyombo, magodoro, kuku, mahindi yaliyoweza kupakiwa, na mama akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni. Kihenge hakikupakilika. Walipomaliza wakaezua paa, ili tusirudi. Mahali pengine nchini nyumba zilichomwa moto. Kwetu waliezua tu, na baba alikuwa akilisema jambo hilo kama fadhila. Nyuma tuliliacha kaburi la babu, na shamba ambalo baba alijua kila kona yake, wapi panatuamisha maji na wapi panakauka mapema.

Kijiji kipya kilipangwa kandokando ya barabara, viwanja vimenyooka kwa kamba. Aliyekipanga alifikiria gari la serikali litakavyopita. Hakuuliza udongo unasemaje. Mashamba yakawa mbali, nyani na nguruwe wakawahi mazao kabla ya wenyewe. Mwaka huohuo mvua zilikuwa haba katika sehemu nyingi za nchi, na wakulima wengi walihamishwa wakati wa kutayarisha mashamba. Njaa ikaingia, serikali ikalazimika kutumia fedha zake za kigeni kununua nafaka nje. Mpaka leo watu wanabishana ni kiasi gani kilisababishwa na ukame na kiasi gani na Operesheni. Baba hakuwa na ubishi juu ya hilo. Alisema mvua alikuwa amezoea kuikosa. Kilichokuwa kipya ni kuikosa akiwa kwenye shamba asilolijua.

Sasa nimgeukie mama.

Mama alikuwa hajui kusoma. Pale porini tulipokuwa tunaishi, shule ya karibu ilikuwa mwendo ambao mtoto mdogo asingeuweza, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mwanamke mwenye watoto angeingia darasani. Katika kijiji kipya shule ilikuwa ya pili kujengwa baada ya ofisi ya chama. Asubuhi tulisoma sisi watoto, alasiri waliingia watu wazima, madarasa ya ngumbaru. Mama alikuwa akitoka shamba, ananawa miguu, anachukua daftari na penseli aliyoichonga kwa kisu, anakwenda. Baba alinuna mwanzoni. Baadaye alimwomba mama amsomee stakabadhi ya mahindi aliyopewa kwenye kituo cha kuuzia, kwa sababu alihisi amepunjwa, na kweli alikuwa amepunjwa. Tangu siku hiyo hakununa tena.

Hayo hayakutokea kwetu tu. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma wala kuandika. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zilionyesha kwamba watu wazima 9 kati ya 10 wanajua. Hata mtu akizipunguza takwimu hizo kwa sababu ni za serikali, badiliko linabaki kuwa kubwa mno. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wakakusanyika katika vikundi kusikiliza namna ya kuchimba choo na kujikinga na malaria, kisha wakaenda wakachimba. Mwaka uliofuata, mkutano wa chama uliofanyika Musoma ukaamua kwamba kila mtoto aende shule ifikapo 1977. Mimi ni mtoto wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, UPE. Darasani tulikuwa wengi kupita kiasi, wengine chini ya mti, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akifundishwa ualimu Jumamosi na kutufundisha sisi Jumatatu. Alitupenda. Alinifundisha kuandika jina langu kwa kijiti kwenye vumbi, na kwa hilo nimepata maisha yangu yote.

Lori lililobomoa nyumba ya baba ndilo lililomfikisha mama kwenye ngumbaru. Wizara isingeweza kupeleka mwalimu kwa kila familia porini. Nyerere alilisema hilo mapema, mwaka 1962, na alikuwa sahihi. Ndiyo maana siwezi kuwakubalia wanaoisifu elimu ya bure kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni, bila kutaja paa zilizoezuliwa. Wala siwakubalii wanaolaani Operesheni huku wenyewe wakiisoma laana hiyo kwa elimu iliyotokana nayo.

Lakini je, nguvu ilikuwa ya lazima? Swali hili ndilo lililonisumbua zaidi katika kazi yangu, na jibu nililipata Ruvuma.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU huko Songea walianzisha wenyewe kijiji cha Litowa. Waliongozwa na kijana aliyeitwa Ntimbanjayo Millinga. Hawakusukumwa na mtu. Walilima pamoja, wakagawana mapato, wakaamua mambo yao mkutanoni. Vijiji vingine vikaiga, wakaunda umoja wao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao iliyowafundisha watoto maisha ya kijiji badala ya kuwatayarisha kukikimbia, wakapata mashine ya kusaga na ya kupasua mbao. Nyerere aliwapenda. Mengi aliyoyaandika mwaka 1967 kuhusu ujamaa vijijini yalikuwa tayari yanafanyika kule. Ungetegemea kwamba chama kingesema nchi nzima ijifunze Ruvuma. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku chama hicho, mali zake zikachukuliwa.

Kosa lao lilikuwa kujiamulia. Wakuu wa mkoa na viongozi wa chama hawakuwa na nafasi katika vijiji ambavyo havikungoja maagizo yao. Nyerere alikuwa na uwezo wa kuwakingia kifua. Alikuwa mwenyekiti wa kikao kilichowafuta. Hapa kwangu ndipo penye kidonda cha historia yetu, kuliko foleni za sukari na kuliko unga wa njano. Kile alichokitamani kilikuwa hai, kimeota chenyewe, na alipolazimika kuchagua kati ya wananchi wanaojiamulia na chama kinachowaamulia, akachagua chama. Miaka 4 baadaye malori yakaanza kutembea.

Ukishaliona hilo, mambo mengine yanakaa mahali pake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu wakipinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambako sehemu kubwa ya mshahara wao ingekatwa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza chuo karibu 400 warudi kwao. Katika hasira hiyohiyo akatangaza kwamba mishahara ya wakubwa ni mikubwa mno, akaanza na wake, akaukata kwa asilimia 20. Wanafunzi wangu walipenda sana kisa hiki, na kila darasa liligawanyika. Wengine waliona dikteta, wengine waliona kiongozi wa kweli. Niliwauliza: ni nani mwingine mnayemjua, anayeweza kuwa hivyo vyote ndani ya saa moja? Aliwataka wengine wajinyime, lakini hakujisamehe yeye mwenyewe. Hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpinga, kwa kuwa mtu mwenye tamaa unaweza kumwaibisha hadharani, na yeye hakuwa nayo.

Waliompinga walilipa. Bibi Titi Mohamed aliwaleta wanawake wa Dar es Salaam ndani ya TANU tangu 1955, wakati wasomi walikuwa wanaogopa kupoteza kazi serikalini. Baada ya Azimio hakukubaliana na sharti la kumkataza kiongozi kupangisha nyumba; kwa mwanamke asiyekuwa na elimu kubwa ya shule, nyumba ndiyo ilikuwa pensheni. Alijiuzulu uongozi. Baadaye akashtakiwa pamoja na wengine kwa uhaini, mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa 1972 kwa msamaha wa Rais. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na wengi wanaopita hapo hawajui kwamba aliwahi kufungwa. Abdallah Kassim Hanga, aliyekuwa waziri katika serikali ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, alirudishwa Zanzibar mwaka 1969, mikononi mwa utawala wa Karume, na huko akauawa. Nyerere, aliyemrudisha, alijua utawala ule ulivyokuwa. Sina namna ya kulipunguza uzito jambo hili, na sitaki.

Nyerere huyohuyo aliyakaribisha majeshi ya ukombozi ya Msumbiji, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, akijua nchi yake ni maskini na kwamba mabomu yanaweza kumfuata. Aliwafungulia wengine mlango wa uhuru kwa gharama ambayo sisi tuliilipa kwa kukosa sabuni, na katika hilo mimi sijutii hata kipande kimoja.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao nimeuishi kila siku ya kazi. Nyerere alikipandisha Kiswahili kuliko kiongozi yeyote wa Afrika alivyoipandisha lugha ya kwao. Alikifanya lugha ya Bunge, ya serikali, ya shule ya msingi kuanzia 1967. Akiwa Rais, alitafsiri tamthilia za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, ili kuonyesha kwamba lugha yetu inaweza kubeba mzigo wowote. Lakini sekondari akaiacha mikononi mwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Serikali ikakataa, naye Nyerere akakitetea Kiingereza, akikiita Kiswahili cha dunia. Kwa hiyo nimesimama mbele ya watoto wa wakulima wa Iringa, waliosoma miaka 7 kwa Kiswahili, nikawafundisha Azimio la Arusha kwa Kiingereza. Nimewaona watoto wenye akili wakikaa kimya kwa sababu jibu walilonalo halina maneno. Nilipofunga mlango na kuwaeleza kwa Kiswahili, darasa lililipuka kwa maswali. Mlango ulifungwa kwa sababu kufundisha kwa Kiswahili kulikuwa kosa.

Uzeeni Nyerere alibadilika, au labda alikuwa na nafasi ya kusema. Mwaka 1984, akiwa bado Rais, alikiri katika mahojiano kwamba kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika yalikuwa makosa, kwamba walikosa subira na walikuwa hawajui. Ni viongozi wachache waliowahi kusema hivyo wakiwa madarakani. Operesheni Vijiji hakuitaja katika orodha hiyo. Katika tathmini yake ya mwaka 1977, miaka 10 baada ya Azimio, alikubali kwamba palikuwa na makosa katika kuhamisha watu, lakini uhamaji wenyewe aliuhesabu kuwa mafanikio. Mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, na mapema miaka ya 1990 tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokuta kwamba karibu watu 8 kati ya 10 wanataka chama kimoja kiendelee, yeye aliyeuweka mfumo huo wa chama kimoja kisheria mwaka 1965 ndiye aliyesimama kuwatetea wale wawili waliobaki. Tume hiyohiyo iliorodhesha sheria 40 kandamizi zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa. Miongoni mwake ilikuwamo ile ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini. Nyerere mwenyewe aliwahi kusema kwamba katiba ya nchi ilimpa mamlaka ya kutosha kuwa dikteta. Aliyachukua mamlaka hayo, hakuyatumia yote, akaondoka akayaacha mezani kwa ajili ya yeyote atakayekuja.

Baba alifariki bila kumsamehe. Picha ya Nyerere iliyokuwa ukutani ilikuwa ya mama, na baba hakuwahi kuitaka iondolewe, kwani alisema ukuta ule ni wa mama.

Kwa sasa nimestaafu, lakini walimu wa shule ya jirani wananiita nisaidie kazi ya mradi kwa kidato cha tatu. Ninachowapa wanafunzi ni kimoja: nenda kwa mzee aliyekuwa mtu mzima mwaka 1974, muulize alikuwa anaishi wapi, alikuja hapa vipi, alibeba nini na aliacha nini. Waandike kwa Kiswahili. Wazee hao sasa wana miaka kama 70 au zaidi, na katika vitabu vya shule uhamisho wao hupewa aya chache tu. Majibu yanakuja hayafanani. Bibi mmoja alisema walikuja wenyewe kwa mguu, wakiimba, kwa sababu waliahidiwa bomba. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwake alisema alifungwa kamba. Mwanafunzi akanirudia akiuliza amwamini yupi, nikamwambia aandike wote wawili, majina ya vitongoji walivyotoka, na bomba lilifika mwaka gani.